Betri Mbili Katika Gari Moja

Ndugu msomaji, huenda wewe huna gari. Mimi pia sina. Gari ninaloendesha ni mali ya tajiri wangu. Lakini vijiji vingi vina gari moja au mawili yanayotegemewa na watu wote. Gari hilo hupeleka mazao mnadani. Huleta mbolea na chumvi. Usiku hubeba wagonjwa. Likikataa kuwaka, kijiji kizima hupata taabu. Kwa hiyo habari za betri si za dereva peke yake. Ni habari za kila mtu anayelitegemea gari.

Nataka kueleza jambo moja tu. Kama gari linatoa umeme wa kazi nyingine wakati limesimama, linahitaji betri mbili. Na betri hizo lazima zitengane injini inapozimwa.

BETRI HUFANYA KAZI GANI?

Betri ni ghala la umeme. Mfaransa mmoja, Gaston Planté, alitengeneza betri ya risasi inayoweza kuchajiwa tena mwaka 1859. Mpaka leo magari mengi yanatumia betri za namna hiyo. Ndani yake mna mabamba ya risasi. Mabamba hayo yamezama katika tindikali iliyochanganywa na maji. Betri ya gari dogo ina vyumba 6. Kila chumba hutoa kama volti 2. Mara 6, tunapata volti 12.

Dereva akizungusha ufunguo, betri hutoa umeme mwingi sana kwa sekunde chache. Umeme huo huzungusha staata, na staata huzungusha injini. Injini ikishika, alteneta huanza kazi. Alteneta ni mashine ndogo inayozungushwa na mkanda wa injini. Hutengeneza umeme wa taa na honi. Pia huirudishia betri umeme uliotumika.

Basi, injini ikiwa inazunguka, betri hupata umeme. Injini ikizimwa, betri hutoa tu. Haipati kitu.

USIKU MMOJA MNADANI

Mwaka 2009 nilikuwa utingo wa pikapu moja katika Mkoa wa Singida. Tulizunguka katika minada. Mchana tulibeba mizigo na watu. Jioni tulisimama penye mnada, tukawasha taa mbili na kipaza sauti. Tulitangaza bidhaa za tajiri mpaka usiku. Umeme wote ulitoka katika betri ile ile moja ya kuwashia gari. Dereva wetu alikuwa mtu makini sana. Lakini magari yote ya mnadani yalifanya hivyo. Hapakuwa na mtu kati yetu aliyejua njia nyingine.

Usiku mmoja, kama saa tano, watu walikuja mbio. Walimbeba mama mjamzito juu ya kitanda cha kamba. Uchungu ulikuwa umemshika tangu asubuhi, na mtoto hatoki. Walitaka tumpeleke hospitali. Tulimlaza nyuma ya gari, juu ya magunia. Dereva akazungusha ufunguo. Tukasikia "tk, tk, tk". Injini haikuzunguka hata mara moja. Betri ilikuwa imekwisha.

Tulisukuma. Gari lilikuwa la dizeli, na pale mnadani palikuwa na mchanga mwingi. Tulishusha mizigo yote, tukasukuma tena. Watu wapatao ishirini walisukuma. Magurudumu yalizama tu. Tulikaa pale mpaka saa kumi alfajiri, lilipopita lori lililokuwa likienda mjini. Lori likamchukua.

Mama yule aliokoka. Mtoto wake alizaliwa njiani, akiwa amekwisha kufa.

Hakuna aliyetulaumu. Wazee walisema ni amri ya Mungu. Lakini mimi niliendelea kujiuliza. Gari lilikuwa zima. Mafuta yalikuwamo. Dereva alikuwapo. Kilichopungua ni umeme wa sekunde chache tu.

MBEGU NA CHAKULA

Mwaka 2011 nilipata leseni, nikakabidhiwa gari lile lile. Tulipokwenda Dodoma kununua vipuri, nilimtafuta fundi wa umeme wa magari. Nilioneshwa mzee mmoja aliyefanya kazi chini ya mwarobaini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Gari lina nini?"

Nikamweleza habari za taa, kipaza sauti na usiku ule. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza:

"Kwenu mnalima nini?"

"Mtama na uwele, mzee."

"Mbegu mnaziweka wapi?"

"Mama huzining'iniza jikoni, juu ya moshi."

"Na chakula?"

"Chakula kiko ghalani."

"Njaa ikiingia, ghala likabaki tupu, mnafanyaje?"

"Tunahangaika, mzee. Tunakwenda kufanya vibarua. Lakini mbegu haziliwi."

"Kwa nini?"

"Tukila mbegu, mwaka ujao hatutalima."

Mzee akagonga boneti kwa spana. "Basi gari lako linakula mbegu," akasema. "Umeme wa kuwashia injini ni mbegu. Umeme wa taa na kipaza sauti ni chakula. Wewe umeviweka katika ghala moja. Tutavitenga."

NAMNA YA KUTENGA

Fundi alinifundisha kwamba betri hizi mbili hazifanani hata ndani.

Betri ya kwanza ni ya kuwashia gari. Ina mabamba membamba na mengi. Hutoa umeme mwingi kwa mara moja, kisha hupumzika. Ikimalizwa umeme mara kwa mara, mabamba yake huharibika, nayo hufa mapema.

Betri ya pili ni ya kazi. Ina mabamba mazito. Hutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Hii huvumilia kutumiwa na kuchajiwa tena. Lakini hata hii isimalizwe kabisa. Ukitaka idumu, usitumie zaidi ya nusu ya umeme wake.

Alteneta ni moja tu, nayo inazichaji betri zote mbili. Ndiyo maana katikati ya betri huwekwa swichi maalumu. Zipo swichi za kuzungushwa kwa mkono. Zipo zinazojiendesha zenyewe, na mafundi huziita rilei. Injini ikizunguka na alteneta ikachaji, rilei huunganisha betri mbili. Zote hupata umeme. Injini ikizimwa, rilei huzitenga. Taa na kipaza sauti hula umeme wa betri ya pili tu. Betri ya kwanza haiguswi.

Rilei nyingine hupima volti. Nyingi za namna hii huunganisha volti zikifika karibu 13.3. Hutenga volti zikishuka mpaka karibu 12.8. Swichi ya mkono ni rahisi zaidi, lakini inamtegemea dereva akumbuke. Dereva aliyechoka huweza kusahau. Kwa hiyo fundi alinishauri rilei.

Kuna fyuzi mbili pia. Kila betri huwekewa fyuzi yake katika waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Waya huo ukichubuka na kugusa chuma cha gari, umeme mwingi hupita, waya huwa mwekundu, na gari huweza kuungua. Fyuzi hukata umeme kabla ya moto. Waya wenyewe uwe mnene. Waya mwembamba hupata joto, na umeme hupungua njiani kabla ya kufika katika betri ya pili.

Tajiri wangu alipoambiwa habari hizi hakufurahi. Alisema, "Betri moja ni ghali, nawe unataka mbili?" Nikamwomba ahesabu betri zilizokufa katika gari lile. Katika miaka miwili tulikuwa tumenunua tatu. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwambie fundi afunge."

LORI LINA BETRI MBILI ZA NAMNA NYINGINE

Hapa watu wengi huchanganya. Ukitazama lori kubwa utaona betri mbili. Lakini hizo si mbegu na chakula. Lori nyingi hutumia volti 24. Betri mbili za volti 12 zimefungwa kwa mfuatano, chanya ya moja na hasi ya nyingine. Volti 12 na volti 12 ni volti 24. Betri zote mbili zinafanya kazi moja.

Baadhi ya watu huvuta waya kutoka betri moja ya lori ili wapate volti 12 za redio. Hilo ni jambo baya. Betri inayovutwa hupungua umeme, na alteneta haiwezi kuichaji sawa na mwenzake. Moja hubaki na njaa, na nyingine huchajiwa kupita kiasi. Zote mbili huharibika. Mwenye lori anunue kifaa cha kupunguza volti 24 ziwe 12, na kifaa hicho kifungwe katika betri zote mbili.

HESABU YA UMEME

Kabla ya kujua kusoma, niliiona betri kama sanduku tu. Nilijifunza kusoma katika darasa la watu wazima kijijini kwetu. Sasa naweza kusoma maandishi ya ubavuni mwa betri. Betri yetu ya pili imeandikwa 12V 70Ah. Herufi V ni volti. Herufi Ah ni ampea za saa. Maana yake ni kwamba betri mpya iliyojaa ina ampea 70 za saa moja. Nusu yake ni 35. Hizo 35 ndizo ninazoruhusiwa kutumia.

Sasa tupige hesabu. Kila taa yetu imeandikwa wati 12. Taa mbili ni wati 24. Kipaza sauti hutumia wati 48. Jumla ni wati 72. Ukitaka ampea, gawa wati kwa volti. 72 gawa kwa 12 ni 6. Kila saa tunatumia ampea 6. Tukikaa mnadani saa 5, tunatumia 6 mara 5, yaani 30. Tuna 35 za kutumia. Basi tunaweza kufanya kazi saa 5, lakini tusizidishe saa nyingi.

Bei haijui mwenye haraka, na betri haijui mwenye hamu ya muziki. Hesabu ndiyo inayosema.

KUCHAJI HUCHUKUA MUDA

Dereva wengine husema, "Nimezunguka nusu saa, betri imejaa." Si kweli. Tukirudisha umeme kwa ampea 10, zile 30 zilizotumika zinahitaji saa 3. Tena umeme mwingine hupotea njiani, kwa hiyo saa 3 hazitoshi. Betri pia hupokea haraka ikiwa na njaa, lakini ikikaribia kujaa hupokea polepole. Ni kama debe unalolijaza maji. Mwanzoni unamimina kwa nguvu. Mwishoni unamimina taratibu ili yasimwagike.

Kwa hiyo gari la safari fupi halijazi betri ya pili. Sisi tulifunga bamba la sola juu ya kibanda cha gari, pamoja na kifaa cha kuongoza chaji. Siku ambazo gari halisafiri, jua linaichaji betri ya pili.

Kuna mambo mapya pia. Magari mengine ya siku hizi yana alteneta zinazopunguza volti zenyewe ili kuokoa mafuta. Rilei ya kawaida haifai katika gari la namna hiyo. Panahitajika chaja maalumu inayotoa umeme betri ya kwanza na kuupeleka ya pili kwa kipimo. Ni hivyo pia kwa mtu anayenunua betri ya lithiamu iwe ya pili. Betri ya lithiamu haichajiwi kama ya risasi. Muulize fundi anayezijua kabla ya kununua.

MITA NA DAFTARI

Nimenunua mita ndogo ya kupima volti. Ni rahisi kuisoma. Injini ikiwa imezimwa na betri imepumzika saa kadhaa, naangalia hivi:

12.6 au zaidi: betri imejaa.
12.2: imebaki karibu nusu. Acha kuitumia.
12.0 au chini: ina njaa. Ichaji upesi.

Injini ikizunguka, mita isome kati ya 13.8 na 14.4 kwa gari kama letu. Ikibaki 12 na kitu, ujue alteneta haichaji. Tazama kwanza mkanda. Huenda umelegea au umekatika.

Kila asubuhi naandika katika daftari. Naandika tarehe, volti za betri ya kwanza, volti za betri ya pili, na kazi iliyofanyika jana. Mwanzoni utingo wangu alinicheka. Alisema nafanya kazi ya karani. Lakini daftari lilisema jambo ambalo macho hayakuliona. Kwa miezi mingi betri ya pili ilikuwa ikisoma 12.3 baada ya kazi ya saa 5. Kisha ikaanza kusoma 12.2, halafu 12.1, ingawa kazi ilikuwa ile ile. Betri ilikuwa inazeeka. Tulinunua nyingine kabla haijatuangusha.

Tangu tufunge betri mbili, tumeitwa usiku mara nyingi. Mwaka 2016 tuliitwa tukiwa mnadani, na betri ya pili ilikuwa imechoka kabisa. Taa zilikuwa hafifu. Kipaza sauti kilikoroma. Nilizungusha ufunguo, injini ikashika mara moja. Tulimfikisha mama hospitali ya wilaya kabla ya saa sita. Mtoto yule sasa anakwenda shule.

JIHADHARI

Betri inasaidia, lakini ina hatari zake. Yashike mambo haya.

Kwanza, betri inapochajiwa hutoa hewa ya haidrojeni. Hewa hiyo hulipuka. Usivute sigara karibu nayo wala usimulike kwa koroboi. Usichaji betri katika chumba cha kulala.

Pili, tindikali huunguza ngozi na macho. Ikikurukia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha nenda zahanati mara moja.

Tatu, ukifungua nyaya, anza na hasi. Ukifunga, maliza na hasi. Hivyo spana ikigusa chuma cha gari haitatoa cheche.

Nne, betri ya kuongezwa maji iongezwe maji ya betri tu, si ya kisimani. Maji ya kisima yana chumvi. Usiongeze tindikali.

Tano, unga mweupe au wa kijani ukiota katika vichwa vya betri, uoshe kwa maji yaliyotiwa magadi. Kausha, kaza nyaya, kisha paka grisi.

Sita, betri iliyokufa usiivunje wala usimwage tindikali yake. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Mpelekee mnunuzi wa betri mbovu. Kiwandani huyeyushwa na kutengenezwa upya.

Ndugu msomaji, wewe sasa unajua kusoma. Kesho nenda kwenye gari linalotegemewa na kijiji chenu. Mwombe dereva afungue boneti. Soma maandishi yaliyo ubavuni mwa betri. Kisha muulize: "Taa na redio zinakula umeme wa betri gani?" Akisema ni ile ile ya kuwashia gari, kaeni pamoja, mzungumze. Mkulima hali mbegu. Gari nalo lisile mbegu zake.

MASWALI

1. Kwa nini betri ya kuwashia gari isitumiwe kwa taa na kipaza sauti?
2. Rilei hufanya nini injini inapozunguka? Hufanya nini injini inapozimwa?
3. Betri imeandikwa 12V 100Ah. Nusu yake ni ampea ngapi za saa? Kama unatumia ampea 5 kila saa, unaweza kufanya kazi saa ngapi?
4. Katika kijiji chenu, ni gari gani hubeba wagonjwa usiku? Nani anapima betri yake?